Mzee, mmea, jiko au chuo: njia ipi ukitaka kuzama katika dawa za miti shamba

Ukishajua kwamba mwarobaini ni mchungu, mlonge ni lishe, shubiri hupakwa palipoungua na tangawizi hutuliza kichefuchefu, umemaliza darasa la kwanza la miti shamba. Hapo ndipo wengi hukwama. Wanaendelea kukusanya majina, mti huu wa tumbo, ule wa mgongo, na orodha inarefuka bila mzizi kwenda chini. Kwa mtu anayeishi kati ya Nakuru na Kisumu, au huko juu Kakamega na Bungoma, ziko njia nne za kuzama: kukaa na mjuzi, kusoma mmea wenyewe, kujifunza kutengeneza dawa, na kuingia chuoni. Kila njia ina inachokiona vizuri na isichokiona kabisa, kwa hiyo swali la kwanza ni wewe unakosa nini.

Tuseme mapema tunakoegemea: anza na mmea, hata kama moyo wako uko kwa mzee. Sababu zinafuata.

Kukaa na mjuzi

Kijaluo kina neno moja, yath, kwa mti na kwa dawa. Nyamrerwa wa Nyando au chepkerichot wa Kuresoi, yaani mjuzi wa dawa wa Kijaluo na wa Kikalenjin, hufundisha akiwa amesimama chini ya mti, akiwa na mgonjwa wa jana kichwani. Anajua gome la mti mchanga halina nguvu ya gome la mti mzima. Anajua mgonjwa akitapika mara ya pili dawa inasimamishwa, na anajua uso wa mtu aliyezidishiwa. Ujuzi huu wa kumtazama mgonjwa huwezi kuupata mahali pengine popote.

Hata yale yanayoonekana kama mila tupu mara nyingi yana kazi. Wajuzi wengi hubandua gome upande wa macheo na upande wa machweo tu. Ukifanya hivyo, pande mbili za shina zinabaki nzima, na humo ndimo chakula kinamopita kutoka majanini kushuka mizizini. Anayebandua shina mzunguko mzima ameua mti. Majani yanaweza kubaki kijani kwa miezi, lakini mizizi inakufa njaa. Mwiritsa wa msitu wa Kakamega, ambao Wakikuyu huuita muiri (Prunus africana), umeumizwa sana kwa njia hiyo, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES.

Mapengo ya njia hii ni matatu, na mwanafunzi ndiye anayepaswa kuyaziba.

La kwanza ni kipimo. Mzee husema kiganja, ngumi, vidole vitatu. Beba mizani ya jikoni inayosoma gramu 1. Mwombe achukue kiasi chake mara 10, pima kila mara, andika kidogo kabisa, kikubwa kabisa na wastani. Rudia kwa majani mabichi na kwa makavu. Karibu robo tatu ya uzito wa majani mengi mabichi ni maji, kwa hiyo ngumi ya unga mkavu inaweza kubeba dawa mara kadhaa kuliko ngumi ya majani yaliyochumwa sasa hivi. Hapa ndipo wanafunzi hudhuru watu: walifundishwa kwa majani mabichi, wakaenda nyumbani wakatumia unga kwa kipimo kilekile.

La pili ni jina la ugonjwa. Chira kwa Wajaluo ni kukonda na kudhoofika kunakohusishwa na kuvunja mila. Hospitali inaweza kukuta nyuma ya hali hiyohiyo kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, kisukari au saratani. Usiandike daftarini "dawa ya chira" ukaishia hapo. Andika dalili alizotaja mzee moja moja: kukonda, kukohoa, jasho la usiku, kuhara, kwa muda gani. Kikohozi kilichopita wiki 2 pamoja na kukonda ni cha kupimwa makohozi kwanza, na wajuzi wazuri huwapeleka wagonjwa hao wenyewe.

La tatu ndilo zito zaidi. Mzee huona sumu inayojitokeza upesi, ya kutapisha, kuharisha au kulevya. Sumu inayokula ini polepole haioni, kwa sababu mgonjwa anaugua baada ya miezi na hakuna anayekumbuka alichokunywa. Mfano uko nyuani kwetu: mabaki, yale majani mapana yenye vinyweleo yaliyopandwa kote nyanda za juu, mengine kwa mifugo, mengine kwa mboga na chai. Yana sumu ziitwazo alkaloidi za pirolizidini ambazo huziba mishipa midogo ya ini. Kupaka nje kwenye ngozi isiyo na jeraha kwa siku chache ni jambo moja. Kuyanywa kila asubuhi ni jingine. Vizazi viwili vya watumiaji wenye nia njema havikutosha kuligundua hilo kwa macho.

Ukichagua njia hii, tenga mwaka mzima angalau, upite mvua za masika na za vuli pamoja na kiangazi kilicho kati yake, maana mti wa Machi si wa Agosti. Siku ya kwanza nenda na sukari na majani chai, uache kalamu nyumbani. Mwite anavyoitwa na wajukuu wake, kama ni nyanya basi dani kwa Mjaluo, kogo kwa Mkalenjin, kukhu kwa Mluhya, kama umri unaruhusu. Kisha, kabla ya kuandika chochote, kubalianeni wazi ni nini unaweza kuwaambia wengine na ni nini kinabaki katika nyumba yake. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi, na hata bila sheria, dawa ya ukoo ina wenyewe.

Kusoma mmea

Chukua mwarobaini. Ule halisi, Azadirachta indica, hupenda joto: Pwani, na kwetu kandokando ya ziwa, Kisumu ikiwa mita kama 1,130 juu ya usawa wa bahari. Nakuru iko mita kama 1,850, na huko mwarobaini hauna raha. Kwa hiyo mti unaoitwa mwarobaini katika nyua nyingi za nyanda za juu ni binamu yake, Melia azedarach, ambaye matunda yake ni sumu na yamewahi kuua wanyama na watu. Mtu wa Nakuru anayefuata maelekezo ya mtu wa Kisumu neno kwa neno anaweza kuwa anachemsha mti mwingine kabisa.

Kuitofautisha hakuhitaji maabara. Chuma jani zima, kuanzia pale kikonyo kinaposhika tawi. Jani la mwarobaini lina uti mmoja wa kati, na vijani vimepangwa pande mbili, kila kimoja kimepinda kama mundu mdogo wenye meno pembeni. Jani la melia lina uti ambao unatoa matawi tena, na vijani viko kwenye hayo matawi ya pili. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya melia yana rangi ya zambarau hafifu. Matunda ya melia ni mviringo, ya njano, na hubaki yakining'inia kwa vichala hata majani yakiwa yameanguka. Ya mwarobaini yana umbo la yai refu dogo. Pasua kokwa: la mwarobaini kwa kawaida lina mbegu moja, la melia ni gumu, lina mifuo, na ndani mna mbegu kadhaa. Na hata ukiwa na mwarobaini halisi, mafuta ya mbegu zake usimnyweshe mtoto mchanga. Watoto wamepata degedege na kuharibika ini kwa kijiko tu.

Hii ndiyo sababu tunaweka mmea mbele. Ukikosea mti, kipimo sahihi hakikusaidii, usafi wa jiko haukusaidii, na mzee aliyekufundisha vizuri anabebeshwa lawama isiyo yake.

Kazi ya njia hii ni kukausha sampuli. Kata tawi la urefu wa sentimita 30 hivi lenye majani na maua au matunda. Majani peke yake hayatoshi kuutambua mmea mwingi. Litandaze kati ya magazeti, jani moja ligeuzwe mgongo uonekane, weka kadibodi juu na chini, kaza kwa kamba au lundika mawe. Badilisha magazeti kila siku kwa siku 4 za kwanza. Kisumu wakati wa mvua badilisha asubuhi na jioni, la sivyo ukungu mweusi utaanza kwenye maua na majani yatapukutika. Andika siku hiyohiyo: tarehe, mahali, urefu wa mti, rangi ya ua likiwa bichi (itapotea likikauka), harufu, rangi ya utomvu, jina la kienyeji na lugha yake, na aliyekuambia matumizi. Andaa nakala mbili zenye namba moja. Moja baki nayo, nyingine ipeleke kwa wataalamu wa mimea: vyuo vikuu vya Egerton kule Njoro, Maseno, Masinde Muliro mjini Kakamega, au Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki iliyo Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Baada ya sampuli 50 utaanza kuona familia, na hapo ujuzi hupiga hatua. Shina la pembe nne, majani yanayotazamana na harufu kali ukiyasugua: uko kwa jamaa wa mrehani, familia ya kupika na kupaka. Utomvu mweupe kama maziwa: simama kwanza. Mukombero (Mondia whitei) unaotafunwa mchana kutwa huko Kakamega uko familia moja na Acokanthera, mti wa sumu ya mishale. Anayejua hilo hamruhusu mtoto kuchimba "mukombero" wowote tu uliotambaa kichakani.

Udhaifu wa njia hii ni wazi. Botania itakupa jina bila kukuambia kama mgonjwa atapona. Tena ni kazi ya upweke, inachosha mtu anayetaka kuona watu.

Jiko

Njia ya tatu hupendwa na wanaotaka kuuza, na pia na wauguzi na akina mama wanaotaka dawa ya leo iwe sawa na ya juzi. Somo lake kubwa ni kwamba dawa haitoki kwenye mmea kwa namna moja.

Artemisia annua inafundisha vizuri. Kiini chake, artemisinini, hakipendi maji na huharibika kwa joto kali. Tu Youyou wa Uchina alikipata mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipoacha kuchemsha akatumia etha kwa joto la chini, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Kikombe cha chai ya artemisia hakina kipimo kinachojulikana, na kiasi kidogo kisichoua vimelea vyote hufundisha vimelea usugu. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai hiyo kwa malaria, na kando ya ziwa, ambako mtoto huweza kuzidiwa kwa siku moja, hatuiungi mkono sisi pia. Mwiritsa nao ni vivyo hivyo: dondoo la gome linalouzwa kwa wanaume wenye shida ya tezi dume hutolewa kwa viyeyusho vya mafuta, kwa sababu steroli zake haziyeyuki vizuri kwenye maji. Sufuria ya gome lililochemshwa ina zaidi tanini, vile viini vikali vinavyokausha mdomo.

Tanini unaweza kuziona mwenyewe. Tia msumari wenye kutu katika kikombe cha maji ya gome, uache hadi asubuhi. Yakigeuka meusi kama wino, tanini zipo. Chuma cha chakula hushikwa vivyo hivyo, kwa hiyo mama mwenye upungufu wa damu asinywe maji ya gome pamoja na mlo. Kwa povu: jaza nusu chupa, tikisa sekunde 30, povu likikaa zaidi ya dakika 10, kuna saponini, zinazokera tumbo zikizidi.

Vipimo vya kuanzia ni hivi. Majani na maua: gramu 30 makavu kwa maji mililita 600 yaliyotoka kuchemka, funika dakika 10 hadi 15. Kifuniko ni muhimu, maana kwa majani ya harufu dawa yenyewe ndiyo ule mvuke unaokimbia. Magome na mizizi: gramu 30 kwa mililita 750, chemsha polepole dakika 20 hadi zibaki kama 500. Usitumie sufuria ya alumini kwa magome. Tanini na asidi huichuna. Tumia ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli isiyobanduka. Maji haya hudumu siku moja, siku mbili kwenye friji, basi.

Dawa ya pombe hudumu miaka. Gramu 100 za gome kavu lililotwangwa kwa mililita 500 za vodka ya asilimia 40, chupa ya kioo, wiki 2, tikisa kila siku, chuja kwa kitambaa safi. Mililita 1 hapo imebeba nguvu ya gramu 0.2 za gome, ndiyo maana huhesabiwa kwa matone. Kinachoharibu mara nyingi ni majani mabichi: gramu 400 huingiza maji kama mililita 300, na asilimia 40 inashuka hadi 25, mpakani mwa kuchacha. Usibadilishe vodka kwa chang'aa, ambayo hujui kilichomo, wala kwa spiriti ya kusafishia vidonda, ambayo imetiwa sumu makusudi ili isinywewe.

Kwa zeri ya kupaka, gramu 10 za majani makavu kabisa katika mililita 100 za mafuta, bakuli juu ya maji moto yasiyochemka, limefunikwa, saa 2 hadi 3. Chuja, kisha yeyusha nta ya nyuki: gramu 20 kwa gramu 80 za mafuta ukiuzia Kisumu, gramu 15 kwa 85 zinatosha Nakuru. Kipimo cha Nakuru kikipelekwa soko la Kibuye, Kisumu, mchana wa Februari kitalegea. Maji yakibaki ndani, ukungu unaweza kuja. Wakulima wa kando ya msitu wa Kakamega wameonyesha njia hii inaweza kwenda mbali: zeri ya Naturub imetokana na Ocimum kilimandscharicum waliyoipanda wenyewe, hawakuichuma msituni.

Kausha kivulini juu ya wavu hadi kikonyo kivunjike kwa mlio. Aprili huko Kisumu majani hayakauki kwa hewa tu, na unga uliosagwa ukiwa na unyevu ni shamba la ukungu. Na tafadhali usipeleke magome posho mill: wewe utaondoka na unga wa mahindi ndani ya dawa, na anayefuata ataondoka na dawa yako ndani ya ugali wa watoto.

Ukianza kuuza, zeri ya ngozi inahitaji alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na chochote kinachodai kutibu kinapitia Bodi ya Famasia na Sumu.

Chuo

Hapa tutakuwa wafupi. Shahada ya botania au kemia ni miaka 4, ya famasia 5, na hakuna njia nyingine itakayokufundisha vizuri namna dawa mbili zinavyogombana mwilini: dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini pamoja na vitunguu saumu vingi, au vidonge vya kisukari pamoja na karela hadi sukari ishuke mtu azirai. Lakini utamaliza miaka hiyo ukiwa umekutana na mimea michache ya kwenu. Kozi za intaneti zina kasoro hiyohiyo kwa ukubwa zaidi, kwani nyingi zinafundisha mimea ya Ulaya, Marekani au India. Zifuate kwa ajili ya jiko na kemia tu.

Nani achukue ipi

Kama una nyanya au mjomba anayetibu na umri umesonga, nenda kwake mwezi huu. Sampuli zitafuata, mzee hatasubiri. Lakini kila mti atakaokuonyesha, kata tawi lenye ua ulikaushe, ili jina alilokupa lisishikiliwe na kumbukumbu yako peke yake.

Kama wewe ni muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii Nyakach au Molo, huna haja ya kuanza kutibu kwa majani. Soma mimea 20 ambayo wagonjwa wako hunywa kabla ya kuja kwako, uijue kwa sura, na uwaulize kwa upole bila kukunja uso, ama hawatakuambia.

Mwenye shamba aende kwa mmea na jiko pamoja. Apande mukombero, muthiga (mti wa gome la dawa kali kama pilipili) na mwiritsa, kwa sababu mzizi au gome la porini ukilivuna vibaya mara moja huna la mara ya pili, na kuvuna msitu wa serikali bila kibali ni kosa. Shubiri za porini pia zina ulinzi wake. Kijana aliyemaliza sekondari na kupenda kemia aingie chuoni, ila likizo zote azitumie kwa dani.

Na asiyejua bado anapenda ipi, mvua ya kwanza ya Machi ikinyesha, atafute magazeti, kadibodi mbili na kamba, aanze na mti ulio nyuma ya jiko lake ambao kila mtu nyumbani ana hakika unaitwa mwarobaini.